Riwaya ya Picha Ilianza Wapi, na Ni Nini Hasa? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Riwaya ya picha ni nini?

Ni simulizi ndefu inayojitosheleza, ambayo picha zilizopangwa kwa mfuatano ndizo zinazobeba hadithi, na inayomfikia msomaji kama kitabu. Maneno yanaweza kuwapo au yasiwepo. Wengine huiita riwaya ya katuni au ya vibonzo, na hakuna ubaya.

Karibu kila kipande cha maelezo hayo kina wapinzani wake. Ndefu kiasi gani? Ikitoka kwanza kidogo kidogo gazetini, bado inajitosheleza? Na ikiwa yanayosimuliwa ni mambo ya kweli, inakuwaje riwaya? Nimeyajibu hapa chini, na penye ubishi nimesema niko upande gani. Kitu kimoja nimekiacha nje kwa makusudi: ubora. Riwaya za picha mbovu zipo tele, kama zilivyo riwaya za maneno. Anayesema "hii ni nzuri mno, isiitwe katuni" amesifu kitu, hajakieleza.

Nani alibuni jina hilo? Nimesoma mara nyingi kwamba ni Will Eisner, mchoraji wa katuni wa Marekani.

Umesoma kosa linalorudiwa sana. Jina la Kiingereza lililoenea duniani, "graphic novel", lilitumiwa kwanza na Richard Kyle, mhakiki na shabiki wa katuni wa Marekani, Novemba 1964. Aliliandika katika Capa-Alpha, jarida dogo ambalo mashabiki walilitengeneza wenyewe na kupelekeana kwa posta. Kyle alitaka neno la kuitia kazi zenye malengo makubwa kuliko vichekesho vya gazetini. Wenzake walilidaka: Bill Spicer, aliyekuwa na jarida lake la mashabiki, alilipa jina jipya la Graphic Story Magazine mwaka 1967.

Mwaka 1976 jina lilikuwa limeshahama kutoka kwa mashabiki hadi kwenye vitabu vyenyewe. Bloodstar ya Richard Corben na Beyond Time and Again ya George Metzger vilijitambulisha hivyo, miaka miwili kabla ya kitabu cha Eisner, A Contract with God. Kwa hiyo kama swali ni nani alitamka kwanza, jibu ni Kyle, na hapo hakuna mjadala wa maana.

Basi kwa nini taji anavishwa Eisner?

Kwa sababu ndiye aliyelifanya jina likae midomoni mwa watu wasio mashabiki. Eisner alizaliwa New York mwaka 1917. Kuanzia 1940 hadi 1952 alikuwa na The Spirit, nyongeza ya katuni iliyotoka ndani ya magazeti ya Jumapili. Kisha akapotea machoni mwa umma kwa miaka mingi, akiwatengenezea wanajeshi wa Marekani vibonzo vya kuwafundisha kutunza magari na silaha. Oktoba 1978, akiwa na miaka 61, akarudi na A Contract with God: maisha ya Wayahudi wahamiaji wanaobanana kwenye jengo la kupanga huko Bronx. Hakuna shujaa anayeruka angani. Kuna Frimme Hersh, mcha Mungu aliyeandika mkataba na Mola wake, akaona umevunjwa pale binti aliyemlea alipofariki. Eisner mwenyewe alikuwa amempoteza binti yake, Alice, kwa saratani ya damu, akiwa na miaka 16. Jambo hilo hakulisema hadharani mpaka baada ya miaka mingi.

Kuhusu jina, alisimulia hivi. Alimpigia simu mkubwa wa kampuni ya vitabu ya Bantam, na alipoulizwa ana nini mkononi, akaogopa kusema "katuni" asije akakatiwa simu, akasema ni riwaya ya picha. Yule bwana akavutiwa. Alipokiona kitabu chenyewe akamwambia hii ni katuni tu, tafuta mchapishaji mdogo. Kikatolewa na Baronet. Toleo la jalada gumu halikuwa na jina hilo mbele. Lilikuwa kwenye jalada laini. Eisner alisema hakujua kwamba neno lilishatumika, nami sioni sababu ya kumtilia shaka, maana jarida la Kyle lilizunguka kwa watu wachache sana.

Kuna kichekesho ambacho wanaogombea taji hilo hawapendi kukigusa: kitabu hicho kina hadithi nne zinazojitegemea, zilizounganishwa na mtaa mmoja. Kama kingekuwa cha maneno matupu, mwalimu yeyote wa fasihi angekiita mkusanyiko wa hadithi fupi. Na mwaka huohuo wa 1978, miezi michache kabla yake, ilikuwa imetoka Sabre ya Don McGregor na Paul Gulacy, hadithi moja ndefu iliyouzwa moja kwa moja kwenye maduka ya katuni. Sabre inakidhi masharti vizuri kuliko kitabu cha Eisner. Hukumbukwa kidogo kwa sababu ni hadithi ya mapambano kama nyingine nyingi, ilhali ya Eisner inauma.

Kabla ya 1978 hakukuwa na vitabu vya namna hii?

Vilikuwapo, tena kwa zaidi ya miaka 140. Ukiniuliza mwanzo hasa uko wapi, nitakupeleka Geneva kwa mwalimu Rodolphe Töpffer, aliyekuwa na shule ya bweni. Mwaka 1827 alichora visa vya Monsieur Vieux Bois, mzee aliyezidiwa na mapenzi, anayejaribu kujiua mara kadhaa na kila mara anashindwa kwa namna ya kuchekesha. Michoro ilizunguka kwanza kwa marafiki. Baadhi ya kazi za Töpffer zilimfikia Goethe, mshairi mkubwa wa Kijerumani, uzeeni mwake, naye akazisifu. Töpffer alianza kuchapisha miaka ya 1830, na Vieux Bois ikatoka kama kitabu mwaka 1837. Mwaka 1842 ilichapwa New York kwa Kiingereza kwa jina la The Adventures of Obadiah Oldbuck.

Kinachonifanya nimpe Töpffer nafasi hiyo si mwaka tu. Ni kwamba alijua anachofanya. Mwaka 1837 aliandika kwamba picha zake bila maneno zingekuwa na maana ya gizagiza, na maneno bila picha yasingekuwa na maana yoyote, na kwamba vyote pamoja vinafanya aina ya riwaya. Mtu huyo alieleza umbo lenyewe, akaliita riwaya, zaidi ya karne moja kabla ya Kyle. Wamarekani wanaobishana kuhusu 1964 na 1978 wanabishana kuhusu lebo.

Baada yake mstari haunyooki. Mwishoni mwa karne ya 19 katuni zilihamia magazetini. Mtoto wa kanzu ya njano aliyechorwa na Richard Outcault alikuwa mali ya kugombaniwa kati ya magazeti ya matajiri wawili, Pulitzer na Hearst, na umbo fupi la gazeti likameza lile refu. Urefu ulirudi kupitia mlango mwingine kabisa, wa wachongaji. Mbelgiji Frans Masereel alitoa mwaka 1919 Mon livre d'heures, picha 167 za kuchonga kwenye mbao, bila neno hata moja, kuhusu mtu anayeingia mjini kwa treni na kuyaishi maisha yake yote humo. Mwandishi Mjerumani Thomas Mann aliandika utangulizi wa toleo la Kijerumani. Mmarekani Lynd Ward aliona vitabu vya namna hiyo alipokuwa akisoma Ujerumani, naye akatoa Gods' Man Oktoba 1929, wiki ileile soko la hisa la New York lilipoporomoka. Hata hivyo kiliuzwa vizuri. Mwaka uliofuata mchekeshaji Milt Gross alikijibu kwa He Done Her Wrong, kitabu kinene kisicho na maneno kinachowadhihaki wachongaji hao na huzuni yao.

Kisha kuna It Rhymes with Lust ya mwaka 1950, kitabu cha mfukoni kuhusu mwanamke anayeutawala mji wa machimbo kwa hila. Waandishi Arnold Drake na Leslie Waller walikiita "picture novel", riwaya ya picha kwa maneno yao wenyewe, na mchoraji alikuwa Matt Baker, mmoja wa Wamarekani weusi wachache waliokuwa na jina kubwa katika kazi hiyo wakati ule. Walilenga askari waliorudi vitani, watu wazima waliokuwa wamezoea kusoma katuni kambini. Hakikushika soko. Kingefaulu, labda leo tusingekuwa na ukurasa huu.

Na michoro ya makaburi ya Misri, au lile pambo la Bayeux?

Mchoraji wa katuni Scott McCloud, katika Understanding Comics ya 1993, alieleza katuni kama picha zilizowekwa sambamba kwa mfuatano uliokusudiwa. Kwa kipimo hicho pambo la Bayeux, kitambaa cha karne ya 11 chenye urefu wa takriban mita 70, linaingia, na michoro ya Misri nayo inaingia. Ni kipimo kizuri cha kutufungua macho. Kama kipimo cha riwaya ya picha hakinifai: kitambaa hakisomwi faraghani kitandani, hakifunguliwi ukurasa kwa ukurasa, na kufungua ukurasa ni nusu ya ufundi wa kazi hii. Mchoraji hodari huficha jambo nyuma ya karatasi ili ulikute ghafla.

Mbona mnataja Marekani tu? Japani na Ufaransa je?

Ni kweli kwamba ugomvi huu una harufu ya Marekani, kwa sababu huko ndiko katuni ilikoaibishwa zaidi. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alitoa kitabu akidai katuni zinaharibu watoto, Seneti ikaketi kusikiliza, na wachapishaji wakaogopa wakajiwekea kanuni kali. Kwa miaka mingi baadaye katuni nyingi za madukani huko zililazimika kumfaa mtoto. Aliyetaka kuandikia watu wazima alihitaji jina jingine la kujikinga.

Wengine hawakungoja. Japani, mwaka 1957, Yoshihiro Tatsumi alibuni neno gekiga kwa ajili ya hadithi zake nzito, azitenge na manga, yaani katuni za Kijapani, za watoto. Ni haja ileile aliyokuja kuwa nayo Kyle miaka saba baadaye. Argentina, kuanzia 1957 hadi 1959, Héctor Germán Oesterheld na mchoraji Francisco Solano López walitoa El Eternauta wiki kwa wiki, hadithi ndefu ya Buenos Aires iliyovamiwa kwa theluji yenye sumu. Oesterheld alitekwa na utawala wa kijeshi mwaka 1977, hakuonekana tena. Wafaransa na Wabelgiji walikuwa na albamu zao, yaani vitabu vya katuni vya jalada gumu, tangu enzi za Tintin, aliyeanza 1929, na mtu mzima kusoma albamu hadharani hakumshangaza mtu huko. Ndiyo maana msomaji wa Brussels akisikia ugomvi wa 1978 hushangaa watu wanagombea nini.

Ikiwa ilitoka kwanza kwa matoleo, kisha ikakusanywa, bado ni riwaya ya picha?

Wakali husema hapana. Kwao Watchmen, katuni maarufu ya Alan Moore, si riwaya ya picha, kwa kuwa ilitoka kama matoleo 12 mwaka 1986 na 1987.

Mimi nasema ndiyo, ikiwa ilitungwa kama simulizi moja yenye mwisho wake. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuelezwa hili kwa kirefu. Tumekua na hadithi za magazetini zinazoishia na "Itaendelea", na hakuna aliyesema hadithi ilipoteza uriwaya wake ilipokuja kufungwa pamoja. Dickens naye alitoa riwaya zake vipande vipande. Tena tukiwafuata wakali, Maus ya Art Spiegelman, moja ya kazi zinazosifiwa zaidi za aina hii, inatoka nje, maana sura zake zilianza kutoka ndani ya jarida la Raw mwaka 1980 kabla ya juzuu ya kwanza ya 1986. Kipimo kinachoitupa Maus kina kasoro.

Kisichoingia, kwa maoni yangu, ni matoleo sita ya kwanza ya mfululizo usio na mwisho yaliyobanwa kwenye jalada moja. Hicho ni kipande cha hadithi chenye jalada zuri. Wachapishaji hukiita riwaya ya picha kwa sababu kinauzika.

Maus na Persepolis ni mambo ya kweli. Kwa nini yaitwe riwaya?

Hapa ndipo jina linapochanika. Maus ni simulizi ya baba yake Spiegelman, Myahudi wa Poland aliyenusurika Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, ingawa Wayahudi wamechorwa kama panya na Wanazi kama paka. Juzuu ya pili ilipotoka 1991, gazeti la New York Times liliiweka kwenye orodha ya vitabu vya kubuni vinavyouzwa sana. Spiegelman akawaandikia barua kupinga, nao wakaihamisha. Mwaka uliofuata ilipata tuzo maalumu ya Pulitzer.

Persepolis ya Marjane Satrapi, iliyotoka Ufaransa kwa juzuu nne kati ya 2000 na 2003, ni utoto wake mwenyewe Iran. Joe Sacco ni mwandishi wa habari anayechora alichokiona Palestina na Bosnia. Hakuna kilichobuniwa hapo. Jina "riwaya" limekwama tu, na soko limelizoea. Ukitaka kuwa makini, sema tawasifu ya picha, au ripoti ya picha. Mimi hufanya hivyo ninapozungumzia kitabu kimoja kimoja, na hutumia "riwaya ya picha" ninapotaja kundi zima. Sina suluhisho bora kuliko hilo.

Ni kweli wachoraji wenyewe hawalipendi jina hili?

Wengi wao. Alan Moore, mwandishi wa Watchmen, analiona kuwa neno la wauzaji. Satrapi hupendelea kusema katuni. Wengine hukwepa kwa kuandika jina lao wenyewe kwenye kitabu: Seth aliiita kazi yake riwaya fupi ya picha, Daniel Clowes akaandika riwaya ya vipande vya katuni, na Craig Thompson akakiita Blankets, kitabu chake cha 2003 chenye karibu kurasa 600, riwaya yenye michoro. Naona uchovu wao, ila naona pia kwamba bila jina hilo maduka ya vitabu yasingewatengea rafu.

Picha za kamera zinahesabika?

Swali zuri, na kwetu lina uzito. Wazazi wetu walisoma visa vya mpelelezi Lance Spearman kwenye majarida ya picha za kamera zenye viputo vya maneno, na Tanzania Faraji Katalambulla alitoa Film Tanzania kwa mtindo huohuo. Kwa maelezo yangu ya mwanzo, mfuatano wa picha ndio unaobeba hadithi, na sikusema lazima zichorwe kwa mkono. Kwa hiyo mlango uko wazi. Kinachozizuia nyingi ni urefu: kilikuwa kisa kipya kila toleo, na shujaa alibaki vilevile.

Afrika Mashariki tunazo riwaya za picha?

Tuna jadi ndefu ya vibonzo, na vitabu vichache. Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa miongo katika gazeti la Kiswahili la Kenya, Taifa Leo. Christian Gregory alikuwa na Chakubanga katika gazeti la Uhuru la Tanzania. Jarida la Sani, lenye jina lililounganishwa kutoka kwa waasisi wake Saidi Bawji na Nicco ye Mbajo, liliwapa Watanzania Ndumilakuwili, Madenge, Pimbi na Lodi Lofa, watu ambao wengi wetu tunawajua kuliko tunavyowajua wahusika wa riwaya za darasani. Hayo yote ni visa vya mfululizo, wala hayapungukiwi kitu kwa kutokuwa riwaya.

Kwenye vitabu, Kenya ilikuwa na mfululizo wa vitabu vya Pichadithi wa miaka ya 1980, ambamo Terry Hirst na Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kuwa kwao, walichora ngano na visa vya mashujaa kama Lwanda Magere. Mwaka 1996 kampuni ya uchapishaji ya Sasa Sema ilitoa Abunuwasi ya Gado kwa Kiswahili. Ni vitabu vyembamba; mkali wa urefu atavikataa, nami ningevikubali kama hadithi fupi za picha. Shujaaz, iliyoanza Kenya mwaka 2010 kwa Sheng na kugawiwa bure, ni mfululizo.

Simulizi ndefu kamili inayotugusa nimeiona zaidi kwa Kifaransa. Barly Baruti wa Kisangani, akishirikiana na Christophe Cassiau-Haurie, alitoa Madame Livingstone mwaka 2014, kuhusu Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika na msako wa meli ya Kijerumani Graf von Götzen, ambayo leo ndiyo MV Liemba ya Kigoma. Kuhusu Rwanda kuna Déogratias ya Mbelgiji Jean-Philippe Stassen, ya mwaka 2000, na kitabu cha Rupert Bazambanza, Mnyarwanda aliyenusurika mauaji ya kimbari. Uhaba wa vitabu hivyo kwa Kiswahili nauhusisha na gharama: kurasa 150 za michoro ni kazi ya mwaka mzima au zaidi ya mtu mmoja, na gazeti hulipa kibonzo cha leo leo.

Maktabani zinawekwa wapi?

Kwa mfumo wa Dewey, wa kupanga vitabu kwa namba, ni 741.5, chini ya sanaa ya kuchora. Matokeo yake Auschwitz ya Spiegelman hukaa bega kwa bega na Batman. Baadhi ya maktaba huzitenga zenye ukweli na kuzipeleka kwenye historia au wasifu, nami naunga mkono.

Nianze na ipi?

Kama hujawahi kusoma hata moja, anza na Persepolis. Michoro yake ni myeusi na myeupe, rahisi kufuata, na inachekesha kabla ya kuumiza. Anayesoma Kifaransa na anataka Afrika isiyo na vita aichukue Aya de Yopougon ya Marguerite Abouet na Clément Oubrerie, Abidjan ya wasichana, wachumba na baba wakorofi. Maus iwe ya pili au ya tatu. Eisner msome kwa heshima, lakini usianze naye kwa sababu tu umeambiwa ndiye wa kwanza. Na Masereel anafaa kwa yeyote, hata asiyejua lugha yoyote ya Ulaya: picha 167, hakuna cha kutafsiri.